Rubani wa Kukodi: Oman, Merikebu Zake na Kiu ya Mabaharia

Tarehe 30 Aprili 1840, merikebu yenye bendera nyekundu iliingia bandari ya New York. Watu wa mji walimiminika gatini kuitazama, maana chombo cha Waarabu kilikuwa hakijaonekana huko. Jina lake Sultana. Ilikuwa imetoka Maskati, ikapitia Unguja, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuivuka Atlantiki. Ngamani mwake mlikuwa na magunia 1,300 ya tende, marobota 100 ya kahawa ya Mocha na mazulia ya Uajemi; na vile vilivyopakiwa Unguja: pembe za ndovu 108, magunia 135 ya karafuu, makasha ya sandarusi na ngozi 1,000 zilizotiwa chumvi.

Aliyekabidhiwa safari hiyo ni Ahmad bin Naaman, mtu wa karibu wa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Wamarekani walimpenda. Mchoraji Edward Mooney alimchora, na sura yake, kilemba na ndevu, imebaki hadi leo. Lakini aliyeshika hesabu za njia baharini alikuwa Mwingereza aliyeitwa William Sleeman, rubani wa kukodi, na Ahmad aliteseka naye njia nzima. Sleeman alikuwa mlevi. Hebu fikiria: kiongozi wa safari amebeba zawadi za mtawala wake kwa Rais Martin Van Buren, farasi wawili wa Kiarabu wamo chomboni, mbele ni bahari ngeni kwa mabaharia wake, na mtu pekee anayeweza kuipima njia kwa ala na majedwali ya Kizungu hajiwezi kwa pombe.

Si kwamba Oman na Unguja zilikosa manahodha. Walikuwapo, tena hodari. Waliijua kaskazi na kusi, walizisoma nyota, waliyajua maji ya Hormuz, Sokotra, Lamu na Kilwa kama mtu anavyojua vichochoro vya mtaani kwake. Lakini Atlantiki ilikuwa nje ya elimu yao, na elimu ya kuivuka ilikuwa mikononi mwa wengine. Sultana ilipotengenezwa upya bila malipo katika karakana ya jeshi la wanamaji la Marekani kule Brooklyn, ikang'oa nanga tarehe 9 Agosti na kufika Unguja tarehe 8 Desemba, rubani alikuwa mwingine, Sandwith Drinker wa Philadelphia. Naye pia wa kukodi.

Katika habari hiyo ndogo limefichika tatizo ambalo Oman ilikaa nalo zaidi ya karne moja. Merikebu ilizipata. Watu wa kuziendesha mbali na nyumbani ndio waliosumbua.

Seyyid Said hakuwa mtu wa kubahatisha katika kuchagua vyombo. Kazi aliwapa mafundi wa Bombay, waliokuwa wakiunda kwa msaji, mti usiooza upesi na usioliwa ovyo na mdudu. Sultana yenyewe iliundwa huko mwaka 1833. Kabla yake, mwaka 1826, ilishuliwa huko huko manowari iliyokuwa fahari ya kundi lake, Liverpool, yenye mizinga 74, kazi ya ukoo wa Wadia, Waparsi waliorithishana ufundi huo baba kwa mwana. Mtawala wa nchi yenye watu wachache alikuwa na chombo cha daraja lile lile ambalo Uingereza ilipigana nalo vita vya Napoleon.

Kisha akakigawa. Mwaka 1836 alimpa Mfalme William IV wa Uingereza manowari hiyo kuwa zawadi. Waingereza wakaibatiza Imaum, na mwisho ikaishia Port Royal, Jamaica, ikiwa bweni la mabaharia, hadi ilipovunjwa miaka ya 1860. Wengi wamelieleza tendo hilo kuwa ukarimu na siasa, na vyote viwili ni kweli. Lipo pia jambo la tatu: manowari ya mizinga 74 hula watu. Inataka mamia ya mabaharia waliozoea kazi, na mtu wa kuwafundisha wanaokuja nyuma. Waingereza walirudisha fadhila kwa jahazi la kifalme la anasa, Prince Regent. Seyyid Said, ambaye hakuona atalitumia kwa kazi gani, alilipeleka kwa Gavana Mkuu wa India. Yeye alitaka vyombo vya kusafiri na kufanya biashara, na alisafiri navyo hadi mwisho: Oktoba 1856 alifariki baharini, ndani ya merikebu yake, akirudi Unguja kutoka Maskati.

Baada yake ufalme ukagawanyika. Kwa uamuzi wa Lord Canning wa mwaka 1861, Unguja ilibaki kwa mwana mmoja na Maskati kwa mwingine, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati riale 40,000 kila mwaka. Mfereji wa Suez ukafunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zikachukua mizigo, na Maskati ikaanza kudhoofika.

Unguja ilipata pigo la namna nyingine. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga bandari na kuziangamiza merikebu za mtawala wake, Seyyid Barghash, karibu zote. Mwaka uliofuata manowari ya Uingereza iitwayo Glasgow ilitembelea Unguja, na Barghash akaagiza ya mfano wake kutoka kiwanda cha Denny, Dumbarton, Uskoti. Ikaja mwaka 1878: mbao za msaji juu ya mataruma ya chuma, injini ya mvuke na milingoti ya tanga, vyote pamoja. Inasemekana mwenyewe haikumridhisha. Ikakaa nanga mbele ya jumba lake mwaka baada ya mwaka.

Chombo kinachokaa nanga hakifundishi mtu. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, akiwa ameshika jumba la kifalme na manowari za Waingereza zimejipanga bandarini, Glasgow ilithubutu kuifyatulia mizinga manowari ya admirali, St George. Ikajibiwa na kuzamishwa pale pale, na vita vyenyewe havikufika saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji, ikionekana na kila aliyepita Forodhani, hadi mabaki yalipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Kwa miaka 16 watu wa Unguja walikuwa na kumbukumbu hiyo mbele ya macho yao kila maji yalipojaa na kupwa.

Maskati nayo ilikaa karibu karne nzima bila jeshi la baharini la maana. Majahazi ya Sur, bandari ya Oman, yaliendelea kushuka na kaskazi hadi Mombasa na Unguja na kurudi na kusi, yakibeba tende na chumvi huku, boriti za mikoko kule, lakini hizo zilikuwa shughuli za wafanyabiashara.

Mambo yalibadilika Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970. Nchi ilikuwa na vita Dhofar, mafuta yaliyoanza kuuzwa nje miaka mitatu tu nyuma, na mwambao wa zaidi ya kilomita 3,000. Isitoshe, njia ya meli kubwa kupitia mlango wa Hormuz imo ndani ya maji ya Oman, kando ya Musandam. Mtu anayemiliki mlango kama huo hawezi kukaa bila mlinzi. Vyombo vya kwanza viliagizwa kwa Brooke Marine, Lowestoft, Uingereza: Al Said mwaka 1971, kisha boti tatu za doria za kasi. Miaka ya 1980 zikafuata boti za makombora za Vosper Thornycroft, na mwaka 1996 manowari mbili, Qahir Al Amwaj na Al Muazzar, kutoka kiwanda hicho hicho. Ununuzi haukusita baadaye: manowari tatu za daraja la Khareef kwa mkataba wa mwaka 2007 kutoka Portsmouth, na meli nne za doria kutoka Singapore.

Orodha hiyo ni ya fedha, na fedha za mafuta zilikuwapo. Maafisa je? Miaka ya mwanzo wengi wao walikuwa Waingereza, wengine wa kuazimwa, wengine wa mkataba. Sleeman na Drinker walikuwa wamerudi kwa sura nyingine, safari hii na nidhamu kamili. Ndiyo maana ununuzi mdogo kuliko wote katika miaka hiyo ndio unaostahili kuangaliwa kwa karibu.

Mwaka 1977 Oman ilinunua skuna ya mbao yenye umri wa miaka sita. Iliundwa mwaka 1971 Buckie, mji wa wavuvi wa Uskoti, kwa mbao za mwaloni na msonobari, ikaitwa Captain Scott, na kazi yake ilikuwa kuwafunza vijana ukakamavu baharini. Ilikuwa ya milingoti mitatu, urefu wake mita 52 ukihesabu na mti wa omo. Waomani wakaipa jina Shabab Oman, yaani Vijana wa Oman, na mwaka 1979 ikakabidhiwa jeshi la wanamaji. Haikuwa na kombora wala mzinga wa vita.

Mwaka 1984 walifanya jambo linaloonyesha walijua wanachokitafuta. Walibadilisha matanga. Mlingoti wa mbele uliwekewa foromali za kukingama kutoka chini hadi juu, na miwili ya nyuma ikaachiwa matanga ya urefuni. Tanga la urefuni huvutwa na watu waliosimama sitahani. Tanga la foromali halifungwi hivyo. Kijana lazima apande ngazi za kamba, apite juu ya kichwa cha wenzake, asogee kando kando ya boriti akikanyaga kamba moja iliyoning'inia chini yake, alaze tumbo juu ya foromali, kisha avute turubai zito lililolowa, kunjo kwa kunjo, akibana kila kunjo kwa kifua ili upepo usimnyang'anye. Mlingoti unayumba kuliko sitaha. Hawezi kuifanya peke yake: wa kulia na wa kushoto wakivuta nje ya mdundo, tanga linajaa upya na kazi inaanza tena.

Hapo wengi huuliza: baharia wa manowari yenye rada na injini za gesi ana haja gani na foromali? Jibu liko katika zamu ya usiku. Kijana aliyeendesha chombo kwa tanga huuhisi upepo ukigeuka shavuni kabla ala za chombo hazijamwambia. Anajua mkondo unakisukuma chombo wapi, wimbi likija ubavuni litafanya nini, na mwenzake akinyamaza ghafla amechoka au ameogopa. Wajerumani, Wabrazili, Wahindi na Wamarekani, wote wenye manowari za kisasa, wametunza merikebu za matanga kwa mafunzo. Oman ilichagua vyema, na ilichagua mapema.

Mwaka 1986 Shabab Oman ilivuka Atlantiki kwenda kwenye sherehe za miaka 100 ya Sanamu ya Uhuru. Ikaingia New York, bandari ile ile ya Ahmad bin Naaman, ikiwa na nembo ya jambia kwenye matanga na vijana wa Oman juu ya foromali, miaka 146 baada ya Sultana. Miaka minne baadaye, mwaka 1990, Sayyid Shihab bin Tarik akawa Muomani wa kwanza wa zama hizi kuliongoza jeshi la wanamaji.

Katika kipindi hicho hicho nchi ilifukua elimu ya zamani zaidi. Mwaka 1980, kule Sur, iliundwa Sohar, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi bila msumari hata mmoja, kama mitepe ya Lamu na Bajuni ilivyokuwa ikishonwa. Kikaongozwa na msafiri Tim Severin kutoka Maskati hadi Guangzhou, China, na kufika Julai 1981. Leo kimesimama Maskati, karibu na hoteli ya Al Bustan, na Mswahili yeyote atakayepita hapo na aitazame mishono yake kwa makini, kwa sababu mtepe wenyewe hatunao tena baharini.

Mbao huzeeka. Baada ya miaka zaidi ya 30 ya kazi, Shabab Oman ilihitaji mrithi, na safari hii Oman haikutafuta chombo kilichotumika. Iliagiza kipya kwa kampuni ya Damen ya Uholanzi. Kiunzi cha chuma kiliundwa Galati, Romania, kwenye mto Danube, kikakokotwa hadi Vlissingen, Uholanzi, kuwekewa milingoti na vyumba. Shabab Oman ya Pili ilikabidhiwa mwaka 2014: mita 87 kwa urefu, milingoti mitatu, yote ikiwa na foromali, na eneo la matanga lipitalo mita za mraba 2,500. Nchi ile ile ilikuwa ikipokea manowari za Portsmouth katika miaka hiyo hiyo, na fedha za merikebu ya matanga hazikukatwa ili kuziongezea.

Oktoba 2017, Fulk al Salamah, meli ya Sultani iliyoundwa Italia, ilitia nanga Unguja ikiwa na ujumbe mkubwa kutoka Oman, kisha ikaendelea Dar es Salaam na Mombasa. Bandari iliyoingia ni ile ile ilikozama Glasgow, miaka 121 kabla.