Kigali: Shahada ya Usimamizi wa Biashara Inamsaidia Nini Msafirishaji?

Wafanyabiashara wengi wanaopitisha mizigo Kigali hujiuliza: je, ni vema kumlipia kijana ada ya chuo akasomee usimamizi wa biashara, au fedha hiyo iongezwe kwenye mtaji? Makala hii inaeleza masomo hayo yanapotolewa, yanafundisha nini kuhusu kufanya maamuzi, na yanahusiana vipi na kazi ya malori na mipaka.

Mahali pa kusoma

Shule ya Fedha na Benki, iliyojulikana kwa herufi SFB, ilianzishwa Kigali mwaka 2002. Mwaka 2013 vyuo vya umma viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, na SFB ikaingia katika Koleji ya Biashara na Uchumi. Koleji hiyo iko Gikondo, eneo ambalo wasafirishaji wa siku nyingi wanalijua kwa maghala ya MAGERWA. Kwa upande wa vyuo binafsi, Chuo Kikuu Huru cha Kigali, yaani ULK, kilianza mwaka 1996.

Mwombaji anatakiwa awe amemaliza sekondari ya juu na kufaulu masomo makuu yasiyopungua 2. Masomo huchukua miaka 3 au 4 kulingana na chuo. Tangu serikali ilipobadili lugha ya kufundishia mwaka 2008, mafunzo hutolewa kwa Kiingereza. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini mtihani hauandikwi kwa Kiswahili.

Somo la maamuzi

Mwanafunzi husoma uhasibu, takwimu, masoko, sheria ya biashara na usimamizi wa watu. Somo la maamuzi ndilo linalounganisha hayo yote. Mwalimu mkubwa wa fani hii ni Herbert Simon wa Marekani, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978. Alionyesha kwamba meneja hana muda wala taarifa za kutosha kupata uamuzi ulio bora kabisa. Huchukua ule unaotosheleza. Aligawa maamuzi mafungu mawili: ya kawaida, yanayoweza kuwekewa utaratibu, na yasiyo ya kawaida, yanayohitaji kufikiriwa upya.

Kujaza mafuta na kulipa posho ya dereva ni uamuzi wa kawaida. Mpaka kufungwa si wa kawaida.

Funzo la Gatuna

Kutoka Kigali kuna njia kuu mbili za kwenda bandarini. Ya kaskazini hupita Gatuna, Kampala na Malaba hadi Mombasa, karibu kilomita 1,700. Ya kati hupita Rusumo hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 1,500.

Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda iliyaondoa malori Gatuna na kuyaelekeza Kagitumba, ikieleza kuwa Gatuna kuna ujenzi. Mpaka ulifunguliwa tena rasmi Januari 31, 2022. Aliyekuwa ameegemea njia moja tu, wakala mmoja na wateja wa upande mmoja alijikuta anatafuta njia nyingine huku mzigo uko barabarani. Lakini hata Rusumo haikukosa mkasa: Mei 2020, wakati wa COVID-19, agizo la madereva kubadilishana magari mpakani lilizua mgogoro na malori yakakwama.

Kwa hiyo swali la chuoni si "njia ipi ni nzuri?" bali "njia hii ikikwama nitapoteza kiasi gani, na nina ipi nyingine?"

Hesabu ya njia mbili

Tuchukue mfano wa kubuni. Njia ya kwanza inagharimu dola 2,800 kila safari. Ya pili inagharimu dola 2,500, ila katika kila safari 10, safari 3 hukwama siku 6. Kila siku ya kukwama hula dola 200: posho, rejesho la mkopo na faini ya kontena.

Safari 3 mara siku 6 mara dola 200 ni dola 3,600. Zigawe kwa safari 10, unapata dola 360 kwa kila safari. Njia ya pili basi inagharimu dola 2,860. Ile iliyoonekana rahisi ndiyo ghali.

Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji daftari linaloonyesha gari lilikwama lini, wapi na kwa siku ngapi. Makampuni mengi madogo hayana daftari hilo, na kijana aliyesoma aanzie hapo.

Nani anaamua?

Katika biashara nyingi za kifamilia, mzee ndiye anayeamua kila kitu kwa simu. Akiwa safarini au mgonjwa, gari linasimama. Chuoni hufundishwa kugawa madaraka: dereva aruhusiwe kutumia hadi kiasi fulani bila kuuliza, mhasibu hadi kiasi fulani, na kinachozidi hapo kiende kwa mkuu. Viwango hivyo viandikwe.

Hapa ndipo migogoro huzuka. Kijana anarudi na shahada, baba ana miaka 30 barabarani. Kijana hajui afisa gani wa mizani ni mkali. Baba hajui faida halisi ya kila safari. Kila mmoja ana nusu ya taarifa.

Kabla ya kulipa ada

- Hakikisha chuo na programu vinatambuliwa na Baraza la Elimu ya Juu la Rwanda.
- Mwenye cheti cha nchi nyingine aulize mapema kuhusu kulinganishwa kwa cheti hicho.
- Uliza kama kuna masomo ya jioni au mwisho wa wiki, ili kijana aendelee na kazi ofisini.
- Uliza kama mafunzo ya vitendo yanaweza kufanyika kwa wakala wa forodha au kampuni ya usafirishaji.

Ikiwa ada itamaliza mtaji wa gari pekee mlilonalo, anzeni na daftari. Masomo ya jioni yanaweza kufuata.