Kunakili miundo ya visu vya kukunja

Kunakili miundo ya visu vya kukunja ni kutengeneza kisu kwa kuiga umbo au utaratibu wa kazi wa kisu cha fundi mwingine. Ulinzi wa kisheria huwa hasa wa aina mbili: hataza, ambayo muda wake huisha, na alama ya biashara, ambayo hudumu ikiendelea kutumika. Mwaka 1981 kampuni ya Spyderco ya Colorado, Marekani, ilitoa kisu chenye tundu la duara kwenye bapa, kinachofunguliwa kwa kidole gumba. Hataza ya tundu hilo imekwisha, lakini umbo lake limebaki alama ya kampuni.

Chris Reeve, fundi wa visu mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Idaho, Marekani, alibuni komeo ambalo ulimi wake, uliokatwa katika bamba la mpini wa titani, huingia nyuma ya bapa na kulizuia lisijikunje. Watengenezaji wengi wanalitumia leo. Kuendeleza wazo kama hilo na kumtaja mbunifu ni uungwana. Kuiga kisu kizima pamoja na nembo yake ni wizi wa jasho la mwenzako, hata kikiuzwa kwa bei nafuu.