Waya za wakati wa grupu zingali ndani ya kuta zetu

Wasikilizaji na wasomaji wa Butembo, Beni na Oicha, nanyi mliokimbia vita na leo mnalala katika familia za mapokezi, habari ya leo inahusu kitu tunachokitazama kila jioni bila kukiona: waya inayoshuka kutoka kwenye bati hadi kwenye ampuli.

Ili kuielewa lazima turudi nyuma. SNEL ilizaliwa mwaka 1970. Inga ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwaka 1972, na mwaka 1982 laini kubwa ya Inga ikafika Shaba kwa ajili ya migodi, baada ya kuvuka kilomita karibu 1,700 na vijiji vingi visivyopata hata taa moja. Bukavu na Goma walikuwa na mto Ruzizi. Sisi wa Grand Nord hatukuwa na laini yoyote. Butembo ikakua kwa kahawa, mboga na biashara ya mbali, ikapewa hadhi ya mji mwaka 2003 pamoja na Beni, huku usiku wake ukiwa wa taa za petroli na mlio wa grupu.

Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi ilivyokuwa. Jirani mwenye grupu anaiwasha giza likiingia, na saa nne usiku anazima. Anayetaka mwanga analipa kwa ampuli, ananunua waya nyembamba sokoni, fundi anaipitisha juu ya mti wa avokado na juu ya paa la jirani, inaingia kwa tundu la dirisha. Ampuli moja, redio, labda televisheni siku ya mechi. Kwa mzigo huo waya ile ilitosha, na hakuna aliyekosea kuiweka. Baadaye zikaja pano za sola kupitia Kasindi, na waya nyingine nyembamba zikaongezwa juu ya zile za kwanza.

Kisha maji ya milima yetu wenyewe yakaanza kufanya kazi. Mwaka 2013 kituo kidogo cha Mutwanga, chini ya Rwenzori, kikawasha nyumba za kwanza kwa mto unaotoka ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2014 sheria mpya ikaondoa umiliki wa SNEL peke yake, makampuni mengine yakaruhusiwa kuuza umeme. Kituo cha Luviro, upande wa Lubero, kikafuata, nguzo zikapanda hadi Butembo. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia.

Lakini nguzo na mita ni vipya. Kilicho baada ya mita ni kile kile cha zamani. Umeme wa maji hauzimwi saa nne usiku. Mama ananunua resho, kijana ananunua pasi, mwingine friji ya kuuza maji baridi. Resho ya wati 1,500 inavuta karibu ampea 7. Ampuli ya zamani ya wati 60 haikufika hata theluthi ya ampea moja. Na joto ndani ya waya haliongezeki pole pole: ukiongeza mkondo mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo sababu plastiki inalainika, prizi inakuwa ya kahawia, na harufu inasikika kabla ya moshi. Nyumba ya matope yenye dari ya turubai na nguzo za mikaratusi haihitaji zaidi ya hapo.

Kuna jambo jingine la historia ambalo limetuponza, nalo ni mpaka wetu. Wabelgiji walituachia prizi ya matundu mawili ya duara. Vyombo vingi vinapita Uganda, na Uganda ilirithi plagi ya Waingereza yenye meno matatu bapa. Plagi hiyo iliwekwa mwaka 1947, baada ya vita, Uingereza ikiwa na upungufu wa shaba: walichora nyumba yenye waya chache zinazozunguka, na kwa kuwa waya ile ina nguvu nyingi, wakaweka fuzi ndogo ndani ya kila plagi. Sisi tunafanya nini? Tunakata plagi na kuchomeka nyaya mbili tupu kwa vijiti vya kiberiti. Kwa kisu kimoja tumetupa fuzi na waya wa udongo pamoja. Nimeona hivyo katika nyumba za watu wenye digrii.

Halafu mvua. Kivu si mahali pa kuchezea radi. Mwaka 2016 watafiti waliosoma picha za setilaiti ya NASA waliweka Kabare, Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa mwaka kwa kila kilomita mraba. Ngurumo zikianza, chomoa televisheni na chaja. Kuzima swichi hakutoshi. Na waya iliyochubuka ikigusa bati, nyumba nzima inakuwa na umeme, na kamba ya chuma ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye bati hilo pia.

Nawafikiria hasa waliohama. Familia tatu ndani ya nyumba moja ya Furu au Mulekera, simu kumi kwenye prizi moja, watoto wamelala chini yake. Mgeni anaona haya kumwambia mwenye nyumba kwamba ukuta una joto. Amwambie.

Mafundi wa hapa wanajua dawa. Waya ya shaba ya milimita 2.5 kwa prizi, 1.5 kwa ampuli, na uikate ncha kabla ya kulipa, kwa sababu nyingine ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba. Fimbo ya udongo ardhini. Diferansieli ya milliampea 30, inayokata mkondo kabla moyo haujasimama. Fuzi iliyokatika isibadilishwe kwa msumari. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, anza na diferansieli, na resho ipate waya yake yenyewe kutoka kwenye mita. Mtu akinaswa, usimshike: kata umeme kwenye mita kwanza, na kila mtoto wa nyumba ajue mita iko wapi.