Njia ya Mifugo Ilipofungwa

Leo mbolea na mbegu tuziweke kando kidogo, tuzungumze habari za Darfur, magharibi ya Sudani. Mbona mbali hivyo? Kwa sababu wenyeji wa kule ni watu kama sisi: wakulima wa uwele na mtama, na wafugaji wa ngamia na ng'ombe.

Zamani walielewana. Wakati wa kiangazi wafugaji walishuka kusini kwa njia zilizojulikana na wote. Mavuno yakishaisha, mifugo ilikula mabua shambani, nayo ikaacha samadi. Mnyama akiharibu shamba, wazee walikaa, fidia ikalipwa, yakaisha.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua zilianza kupungua. Njaa ya mwaka 1984 na 1985 inakisiwa iliua watu wapatao laki moja. Wafugaji walishuka mapema, mazao yangali shambani. Mkulima naye, kwa hofu ya njaa, akazungushia shamba ua wa miiba, hata majani ya porini akayachoma. Njia zikafungwa. Kila mmoja alikuwa akitetea watoto wake.

Lakini ukame peke yake haushiki bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Nimeiri ilikuwa imevunja utawala wa jadi, basi wasuluhishi wakakosa nguvu. Silaha nazo zikaingia kutoka vita vya Chad. Mapigano yakawaka mwaka 1987, yakapatanishwa 1989, lakini chanzo hakikuondolewa. Mwaka 2003 vita kubwa ikazuka, serikali ya Khartoum ikawapa wanamgambo silaha. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ulikisia kuwa watu kufikia laki tatu walikwisha kufa, wengi kwa njaa na maradhi.

Tusiseme hayo ni ya Sudani tu. Desemba 2000, hapa kwetu Kilosa, watu 38 waliuawa kijijini Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji.

Basi, ndugu mkulima, msingoje kiangazi. Kaeni na wafugaji mapema. Wekeni alama kwenye njia ya mifugo na ya kwendea maji, na shamba lisivuke alama hizo. Pataneni siku ya mifugo kuingia kwenye mabua. Hasara ikitokea, ipimwe mbele ya pande zote mbili na fidia ilipwe bila kukawia. Mvua hatuwezi kuiamuru; mapatano tunaweza kuyalinda.