Wahunzi wa Samori na Ganda Tupu la Risasi

Shuleni nilifundishwa majina ya majemadari waliopambana na wakoloni. Majina ya wahunzi wao sikufundishwa. Leo nawazungumzia wahunzi wa Samori Touré, aliyepigana na Wafaransa huko Afrika Magharibi tangu 1882 hadi 1898.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba mjini Brussels. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha biashara ya utumwa. Lakini ndani yake kilikuwamo kifungu kilichozuia kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake barani Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Nchi zetu hizi zimo humo. Samori, aliyekuwa akinunua silaha kupitia Freetown, akaanza kufungiwa mlango.

Gobori hushindiliwa baruti mdomoni, basi. Bunduki aina ya Gras, ya Wafaransa ya mwaka 1874, ilitaka risasi yenye ganda la shaba. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba nyuma ya mtutu, moto usimrudie mpigaji. Faida hiyo ndiyo pia taabu yake. Ganda lililotanuka halirudi sawasawa mahali pake; ukilijaza hivyo hivyo laweza kukwama. Sharti kwanza lisukumwe ndani ya kalibu ya chuma, libanwe hadi lipate kipimo chake. Likibanwa mara nyingi, shaba huchoka na kupasuka. Baada ya hapo ndipo hutiwa fataki mpya, baruti na risasi.

Samori alikuwa na mamia ya wahunzi. Waliunda bunduki kwa kuiga za Ulaya, wakatengeneza baruti, na maganda matupu yaliyookotwa yakajazwa tena.

Tusitie chumvi. Risasi zao hazikulingana na za kiwandani, na Wafaransa walikwisha kupata bunduki ya Lebel ya 1886, yenye baruti isiyotoa moshi mwingi. Samori alikamatwa tarehe 29 Septemba 1898, akahamishiwa Gabon, akafia huko mwaka 1900. Hata hivyo, alidumu vitani miaka minane baada ya mkataba ule.

Hapa kwetu, Mkwawa aliteka mamia ya bunduki za Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Lakini kuteka bunduki ni jambo moja, kuilisha ni jingine.

Nionavyo mimi, waliokaa Brussels walijua kwamba anayenunua kila kitu hutiishwa kwa kufungiwa duka. Wahunzi wa Samori nao walilijua hilo, wakajibu kwa nyundo na kalibu. Nasi tunaowaita mafundi wetu wa vichochoroni wababaishaji, tujiulize: siku duka likifungwa, tutamkimbilia nani?