Kilalo mbele ya lupango: Kolwezi ruhusa inaombwa kwa nani?

Umenunua motokari, ao umefungua duka ndani ya lupango, na mbele ya mlango kunapita kaniveau. Namna gani utaingia? Watu wengi hapa Kolwezi wanaita fundi siku ya posho, wanalaza tiyo ndani ya kaniveau, wanamwanga betoni juu, na mambo yamekwisha. Hakuna aliyeuliza mtu. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, maji yanakosa njia na kuingia kwa jirani wa upande wa juu. Hapo ndipo kelele zinaanza.

Kaniveau si ya kwako, hata kama wewe ndiye unaifagia kila asubui. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wa inchi ni mali ya Serkali. Karatasi yako, iwe kontra ya kupanga ao certificat d'enregistrement, inakupa haki mpaka kwenye mipaka iliyopimwa na kadastre, basi. Barabara, ukingo wake na kaniveau ni vya watu wote. Ndiyo sababu kilalo kilichojengwa bila ruhusa kinaweza kubomolewa, na mwenye nacho atapata taabu sana kudai malipo.

Kolwezi iko na komini mbili, Dilala na Manika, kila moja na burgumestre wake. Juu yao kuna meya wa mji. Sheria ya mwaka 2008 juu ya miji na komini inawapa hao kazi ya kusimamia barabara na mifereji. Kwa ufundi wenyewe, barabara za ndani ya mji ziko chini ya OVD, ni kusema Office des Voiries et Drainage. Barabara za taifa zinazounganisha miji ziko chini ya Office des Routes. Kama lupango yako inaangalia barabara kubwa, uliza kwanza ni ya nani. Na kama barabara ilitengenezwa kwa makuta ya kompani ya migodi, hiyo haibadilishi kitu: barua haiendi kwa kompani.

Anza kwa shefu wa kartie, sababu yeye anajua lupango na majirani. Kisha andika barua kwa burgumestre, na kopi kwa OVD. Weka ndani kopi ya karatasi ya lupango, na mchoro mdogo unaoonyesha upana wa mlango, upana na kina cha kaniveau, na maji yanakwenda upande gani. Beba barua mara mbili: moja inabaki kule, ya pili wanakupigia kashe na tarehe. Usirudi nyumbani bila ile kashe; bila hiyo, kesho watakuambia hawajaona kitu. Omba pia fundi wa serkali afike kuangalia mahali.

Kama kuna kodi ya kulipa, omba note de perception na ulipe kwenye benki. Makuta unayoweka mkononi mwa mtu barabarani hayakupi ruhusa, hata akiwa na jile na kaye.

Sasa ile tiyo. Hesabu ni nyepesi. Kaniveau ya sentimita 60 kwa 60 iko na nafasi ya sentimita mraba 3600. Tiyo ya upana wa sentimita 30 iko na 700 hivi. Umeacha sehemu moja tu juu ya tano! Chupa mbili za plastiki na mchanga kidogo zinatosha kuiziba. Afazali dale ya betoni yenye fera, inayolala juu ya kuta mbili za kaniveau bila kushuka ndani, na iliyokatwa vipande vinavyoweza kuinuliwa wakati wa kusafisha. Mbele ya kuchimba, hakikisha hakuna tiyo ya Regideso ao kabo ya SNEL inayopita hapo. Na usikubali lori la mchanga lipande juu yake juma la kwanza: betoni inahitaji siku 28 kufikia nguvu yake.

Usisahau wanaopita kwa miguu. Dale iliyonyanyuka sana kuliko ukingo inamzuia mtu wa kiti cha magurudumu, na mama mwenye mzigo kichwani anajikwaa usiku.

Kama kilalo chako kimekwisha kujengwa bila karatasi, bado unaweza kuandika barua ileile na kuomba fundi aje kukiangalia. Fanya hivyo wakati wa kiangazi. Mvua ikianza mwezi wa kumi, kaniveau ikiwa imejaa, hakuna atakayeweza kuona ndani.