Kufomati diski ya flopi

Kufomati diski ya flopi ni kazi ya kuandaa diski hiyo ili kompyuta iweze kuandika na kusoma mafaili juu yake. Flopi ni sahani nyembamba ya plastiki yenye tabaka la sumaku, iliyofungwa ndani ya kasha. Kampuni ya IBM ilianza kuziuza mwaka 1971 zikiwa na upana wa inchi 8. Baadaye zilifuata za inchi 5.25 na inchi 3.5.

Hatua za kufomati

Kwanza kompyuta huandika alama za sumaku zinazogawa kila upande wa diski katika miviringo inayoitwa njia. Kila njia hugawiwa tena katika vipande vinavyoitwa sekta, na kwa kawaida sekta moja hubeba baiti 512. Kisha mfumo wa uendeshaji huandika orodha ya mafaili pamoja na jedwali la kuonyesha sekta zilizotumika na zilizo wazi. Katika MS-DOS jedwali hilo huitwa FAT.

Tofauti kati ya mifumo

Diski ileile ya inchi 3.5 yenye msongamano wa kawaida ilifomatiwa kwa namna mbalimbali:

- MS-DOS: njia 80 kila upande, sekta 9 kila njia, jumla kilobaiti 720.
- Amiga: njia 80 kila upande, sekta 11 kila njia, jumla kilobaiti 880.
- Macintosh: kilobaiti 400 kwa upande mmoja au 800 kwa pande mbili. Njia za nje, ambazo ni ndefu, zilipewa sekta 12, na za ndani 8. Kiendeshi kilibadilisha kasi ya mzunguko kufuatana na njia iliyosomwa.

Kwa sababu hiyo kiendeshi cha kawaida cha PC hakikuweza kusoma diski ya Macintosh ya kilobaiti 800. Hapa programu peke yake haikutosha, kwa kuwa tofauti ilikuwa katika kifaa chenyewe. Diski zenye msongamano mkubwa, zenye sekta 18 kila njia na kilobaiti 1,440, zilipunguza tatizo hilo. Kuanzia mwaka 1988 Macintosh zilipata kiendeshi kilichoweza kusoma pia diski za PC. Amiga nazo zilipata programu ya CrossDOS, iliyosoma diski za MS-DOS za kilobaiti 720.

Hatari ya kupoteza data

Diski ya mfumo mwingine ikiingizwa, kompyuta nyingi hudai kwamba haijafomatiwa na kuuliza kama mtumiaji anataka kuifomati. Diski yenyewe inaweza kuwa nzima na kujaa mafaili. Anayekubali hufuta kilichomo, hivyo ni salama zaidi kukataa na kuzuia kwanza uandikaji kwa kusogeza kigingi kidogo kwenye pembe ya kasha.

Viendeshi vya USB vinavyouzwa leo kwa kawaida husoma diski za aina ya PC tu. Kwa diski za Amiga na za Macintosh za zamani, watunza kumbukumbu hutumia vifaa kama KryoFlux na Greaseweazle. Vifaa hivyo hunakili mabadiliko ya sumaku yenyewe, na programu huyafasiri baadaye.